Seti ya kuuguzia beta: hita nunua, bakuli waachie

Seti za kuuguzia beta, yule samaki wa kufuga mwenye mapezi marefu, hazina jina moja. Boksi moja limeandikwa Kichina, lingine halina maandishi kabisa, ila ukifungua ndani ni yaleyale: bakuli la plastiki la lita 3, kihita cha wati 10 cha waya wa USB, chupa ya dawa ya bluu, pakiti ya chumvi, majani mawili makavu, mmea wa plastiki, kopo la chakula na kijiwavu. Muuzaji humwambia anayeanza kufuga, "Chukua hii boss, samaki akichanika mapezi humo kila kitu kimo." Kwa Dar es Salaam maneno hayo yangekaribia ukweli. Kwa Mbeya, Mafinga, Makambako au Njombe, kitu chenye kazi kubwa kuliko vyote ndicho kilichowekwa kidogo kuliko vyote.

Beta ni samaki wa Thailand na nchi jirani zake, wa maji ya vuguvugu. Anataka nyuzi 25 hadi 28. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai nje hushuka chini ya nyuzi 10, na maji yaliyolala kwenye chumba kisicho na moto huamka yakiwa 15 au 16. Kwenye joto hilo beta analala chini, mapezi ameyakunja, hali, hata ukipitisha kidole kwenye kioo hageuki. Mwenye samaki anaona ugonjwa, anamimina dawa. Na pezi lililochanika, ambalo kwenye nyuzi 27 lingeanza kuota utando mpya ndani ya wiki moja au mbili, kwenye 17 linabaki vilevile mpaka kuvu na bakteria walizoee. Ndiyo maana tunaanza na hita.

Kihita cha wati 10 kilichomo kwenye seti hakina themostati, yaani swichi ya kujizima chenyewe joto likifika. Ukikichomeka kinawaka, ukikichomoa kinazima, basi. Maji yanafuata chumba: alfajiri yanapoa, saa nane mchana jua likiingia dirishani yanapanda kupita kiasi. Kupanda na kushuka huko kila siku kunamchosha mgonjwa kuliko hata baridi ya kudumu. Kuna seti za bei ya juu zaidi zenye hita ya wati 25 yenye themostati. Hizo ni afadhali, na kwa Kyela penye joto zinatosha kabisa. Lakini kwenye ndoo ya lita 15, chumba kikiwa nyuzi 14, wati 25 zitayapeleka maji kwenye 22 hivi na kugota hapo, taa ya hita ikiwaka usiku kucha. Unachotaka ni wati 50, yenye kirungu cha kuchagua joto, inayozama yote kwenye maji. Inauzwa peke yake kwenye maduka hayohayo, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutoa hela.

Watu huogopa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hesabu ni hii: wati 50 ikiwaka saa 24 bila kupumzika inakula yuniti 1.2. Themostati ikiizima nusu ya muda ni yuniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Ukiizungushia ndoo blanketi kuukuu au vipande vya foamu ya maboksi, na ukafunika juu, inapungua tena.

Kabla samaki hajaingia, iwashe hita kwenye ndoo yenye maji bila samaki kwa siku nzima na upime kwa kipimajoto cha kioo. Namba zilizochorwa kwenye kirungu si za kuaminiwa. Hita ikiandika 26 inaweza kukupa 24 au 29. Na usitumie kile kipimajoto cha kubandika nje ya tangi ambacho baadhi ya seti huja nacho. Kinapima ukuta wa tangi, nao upande mmoja umeguswa na hewa ya chumba, kwa hiyo asubuhi ya Julai kitakuonyesha chini ya ukweli. Unaongeza hita, unampika samaki.

Makosa ya hita yanajirudia. Ukiwa na ndoo ya plastiki usiache hita iegemee ukuta, plastiki inalainika na kutoboka. Ishike kwa vifyonzi vyake ikae sentimita chache mbali na ukuta. Maji ya mgonjwa huwa ni ya kina kifupi, kwa hiyo ilaze chini ili mstari wa kima cha maji uliochorwa juu yake uwe umezama wote. Wakati wa kubadilisha maji, chomoa kwanza, subiri dakika 15, ndipo upunguze maji; kioo cha hita kikiwa moto kikakutana na hewa ya baridi kinapasuka, na ikipasuka ukiwa umetia mkono na umeme uko wazi, habari ni nyingine. Waya nao uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye ekstensheni.

Umeme ukikatika, ndoo ya lita 15 iliyofunikwa na blanketi inapoa polepole, una saa kadhaa za kujipanga. Jaza chupa ya maji ya kunywa maji ya moto, ifunge vizuri, iache ielee. Bakuli la lita 3 halikupi nafasi hiyo, linapoa upesi.

Bakuli lenyewe, basi, ni la kuwaachia dukani. Lita 3 ni kidogo kwa joto na ni kidogo kwa uchafu. Kinyesi na chakula kilichooza vinatoa amonia, na ndani ya lita 3 amonia inafika kiwango cha kuunguza matamvua kabla hujaona maji yamebadilika rangi. Nunua ndoo ya chakula ya lita 15 hadi 20 yenye mfuniko, toboa matundu machache kwenye mfuniko, weka maji yasiyojaa. Beta ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo lazima afike usoni mwa maji mara kwa mara. Mgonjwa mnyonge mwekee kina cha sentimita 15 asipande safari ndefu. Acha sentimita 5 au zaidi kati ya maji na mfuniko. Hewa hiyo iliyofungiwa inapata joto, naye havuti baridi ya chumba moja kwa moja. Mfuniko pia unazuia kuruka. Beta anaruka, wasikudanganye kwamba akiumwa haruki.

Lakini je, lazima ahamishwe? Hapa ndipo seti inapomdanganya mnunuzi bila hata kusema uongo. Kama beta anaishi peke yake kwenye tangi lenye filta iliyokomaa (yenye bakteria wa kula amonia) na hita nzuri, na jeraha ni pezi kuchanika tu, mwache hapohapo. Ondoa kilichomchana, badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki, ngoja. Ndoo ni ya pale ambapo kuna wenzake wanaomng'ata, au tangi ni bovu, au kuna dawa ya kutia isiyotakiwa kwenye mimea na filta.

Wenzake wanaomng'ata, kwa nyanda hizi, mara nyingi ni mbuna. Samaki wa Ziwa Nyasa wanapatikana kirahisi, wana rangi, na anayeanza huona hakuna ubaya kumtia beta pamoja nao. Mbuna wanalinda eneo kwa meno, na beta ana mapezi marefu yasiyokimbia. Asubuhi moja inatosha kumaliza mkia. Isitoshe, mbuna wanapenda maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu na 8, na kwenye maji ya namna hiyo amonia ileile inakuwa na sumu kali zaidi. Hao hawakai pamoja, hata tangi liwe kubwa kiasi gani.

Sasa jeraha lenyewe, ulisome kabla ya kugusa chupa yoyote. Mpasuko wa kuchanika unakuwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea mwilini, rangi ya pande zote mbili ni ileile ya jana. Kuoza kwa mapezi kunakula ukingo wote, unakuwa mweusi au mwekundu, na kila siku pezi linafupika. Kujing'ata mkia kunaacha mapengo ya nusu duara, kama biskuti iliyomegwa, tena yanatokea usiku mmoja. Kuvu ni pamba nyeupe iliyosimama kwenye kidonda. Na kile kinachowatisha wengi, ukingo mwembamba unaong'aa usio na rangi kwenye pezi lililochanika, hicho ni nyama mpya inaota. Rangi itafuata baadaye. Watu wameshatia dawa ya kuvu kwenye pezi linalopona.

Mmea wa plastiki uliomo kwenye seti ndio, kwa kinaya cha ajabu, unaochana mapezi. Upime kwa stokingi ya nailoni: ipitishe juu ya majani, ikinasa au kutoa uzi, mmea huo hauingii majini. Pima hivyohivyo mawe na mdomo wa filta. Filta ya kuning'iniza yenye mkondo mkali humvuta mkia beta mnyonge. Uzibe mdomo wake kwa kipande cha sponji, au tumia filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, mapovu ukiyapunguza mpaka uso wa maji utikisike kidogo tu.

Chumvi iliyomo kwenye pakiti ni chumvi. Chumvi ya mawe isiyotiwa kitu inafanya kazi hiyohiyo. Usichanganye na magadi, yanayouzwa sokoni karibu nayo. Hayo yanapandisha pH na yatamuua. Kwa mpasuko msafi chumvi haihitajiki. Inafaa pale ukingo unapoanza kuwa mwekundu au kidonda kikiwa kimebandua magamba. Kipimo ni gramu 1 kwa lita, na ukiona haitoshi baada ya siku mbili panda hadi gramu 2. Kwa ndoo yenye lita 10 za maji, gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, visivyojazwa kilima. Yeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji yaleyale, umimine kwa awamu tatu ndani ya saa chache. Usidondoshe mabonge mazima, samaki akiyagusa yanamuunguza.

Karatasi ya maelekezo kwenye seti inasema urudie dozi kila ukibadilisha maji. Hapo ndipo inapoharibu. Chumvi haiondoki na mvuke. Ukitoa lita 3 kati ya 10, umetoa chumvi ya lita 3 tu, kwa hiyo unarudisha gramu 3. Ukirudia 10 kila siku, siku ya tano una karibu gramu 3 kwa lita na zinaendelea kupanda, na samaki anateleza kamasi mwili mzima. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu. Siku 7 hadi 10 zinatosha, kisha punguza kwa kubadilisha maji yasiyo na chumvi.

Chupa ya bluu ni methilini bluu, dawa ya kweli ya kuvu. Tatizo la nyingi kati ya hizi ni kwamba hazikuandikwa asilimia ya nguvu, zinasema "matone 5". Matone 5 ya kitu cha nguvu gani? Ikiwa imeandikwa asilimia 1, mililita moja ina miligramu 10, na kipimo cha miligramu 3 kwa lita kinamaanisha mililita 3 kwa ndoo ya lita 10. Pima kwa sirinji. Chupa isiyo na asilimia usiinunue. Dawa hii inaua bakteria wema wa filta na inaunguza mimea, kwa hiyo ni ya ndooni tu, na mkaa wa filta utoe kwa sababu unaifyonza yote. Itapaka rangi vidole, gundi ya silikoni ya tangi, na sakafu ya mwenye nyumba. Na ukishaitia humwoni samaki vizuri, sababu nyingine ya kutoitumia kwa mpasuko wa kawaida.

Kama seti haina dawa ya bakteria, wengine hukimbilia tetrasaiklini ya vidonge au OTC (oksitetrasaiklini) ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo. Acha. Maji magumu huishika tetrasaiklini na kuidhoofisha, mwanga huivunja, maji yanageuka kahawia yenye povu, bakteria wa filta wanayumba, na amonia inampata mgonjwa ambaye tayari hoi.

Majani makavu ndiyo kitu kizuri kisichosifiwa humo. Kwenye pakiti yanaitwa ketapangi, kwa bei ya kuringa, lakini mti wenyewe ni mkungu, huu huu uliojaa kwenye mitaa ya Dar es Salaam na Tanga ambao watu wanakaa kivulini mwake. Mwambie ndugu wa pwani aokote yaliyoanguka yenyewe, ya kahawia, yasiyo na ukungu, mbali na barabara ya magari na mahali palipopuliziwa dawa. Yaje kwa basi ndani ya bahasha. Osha, loweka kwa maji ya moto dakika chache, weka robo ya jani kwenye lita 10. Maji yatakuwa na rangi ya chai nyepesi, inapunguza bakteria kidogo na kumtuliza samaki, hasa anayejing'ata. Jani likianza kuwa wavu, badilisha.

Kazi kubwa kuliko dawa zote, ambayo hakuna seti inayokuja nayo, ni maji. Ndoo haina bakteria wa kula amonia. Filta mpya inahitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa, mgonjwa hana muda huo. Kwa hiyo badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku. Zile karatasi za kupimia zenye vibox sita vya rangi mara nyingi hazipimi amonia, zinapima nitriti, nitrati na mengine; usizione za kijani ukadhani umesalimika. Maji ya bomba yana klorini: yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya kisima hayana klorini, ila yaache yapigwe na hewa hivyohivyo.

Na joto la maji mapya lilingane na ya zamani, tofauti isizidi nyuzi 1. Angalia mfano: ndoo ina lita 10 za nyuzi 27, umetoa 5, ukamimina 5 za bomba zenye nyuzi 16. Papo hapo samaki yuko kwenye 21.5. Ukifanya hivyo kila asubuhi, hita ya bei gani itakusaidia? Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo lita 4.3 za bomba za nyuzi 16 ukichanganya na lita 0.7 iliyotoka kuchemka sasa hivi unapata lita 5 za 27. Changanya kwenye ndoo ya pembeni, koroga, pima, ndipo umimine taratibu kwa kikombe.

Chakula cha kopo kinafaa: punje 3 au 4 asubuhi, vivyo hivyo jioni, ambazo hakuzila ndani ya dakika 5 zitolewe kwa sirinji. Mgonjwa anayekataa kula siku mbili hafi kwa njaa. Anayelishwa zaidi anakufa kwa maji machafu. Mkate, ugali na chapati si vyake, huyu ni mla nyama. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kusaga wanaonekana wazo zuri, lakini unga wake unaelea na mafuta na kuchafua ndoo kabla hajaonja.

Kwa mnunuzi wa leo: hita ya wati 50, kipimajoto cha kioo, ndoo yenye mfuniko, sponji na pampu ya hewa, dawa ya kuondoa klorini, majani ya mkungu. Chumvi ya mawe ipo sokoni. Bei hupanda na kushuka kila mzigo unapotoka Dar, kwa hiyo linganisha vitu vilivyomo, usilinganishe ukubwa wa boksi. Muulize muuzaji swali moja: samaki wake wamefika lini? Aliyepanda mlima Kitonga usiku kwenye mfuko mdogo na kushuka stendi alfajiri ameshapigwa baridi, na mapezi yaliyokunjwa siku hiyo hiyo hayajulikani ni ya safari au ya ugonjwa. Ngoja siku tatu, umwone anakula, ndipo umlipie.

Kijiwavu nacho kina nyuzi ngumu zinazochana zaidi. Mchote kwa kikombe kipana cha plastiki, ukikizamisha kwa ubavu na kumwacha aingie mwenyewe. Ukirudi kwenye tangi, kiache kikombe hicho kielee dakika 20, ongeza vijiko vya maji ya tangi kila dakika 5, kisha kilaze atoke. Asipotoka upesi, usimtikise.